Milimita Kumi

Nilianza kuhesabu mwaka ule stima ilipokuwa ikipotea kila Alhamisi.
Giza la Nyalenda zito, mbu wameshiba,
na Olweny kando yangu anakoroma
kama anayeburuta mabati juu ya changarawe.
Mkoromo haukunitisha.
Kilichonitisha ni unaponyamaza.

Kifua kinapanda, hewa haiingii,
kama mtu anayesukuma mlango
uliokomewa kwa ndani.
Nikifika thelathini naomba.
Nikifika arobaini nampiga kiwiko,
anashtuka, anavuta pumzi kwa kishindo,
analala tena. Asubuhi hakumbuki.
Nakumbuka mimi, kwa penseli,
nyuma ya daftari la Akeyo la hesabu:
31. 44. 38. 52.

Majirani walisema ni shibe.
Mama mkwe akasema, huyu alikatwa kilimi utotoni,
koo lake lilishasafishwa.
Mpaka siku aliposinzia karakanani Kibuye
moto wa kuchomelea ukiwaka mkononi,
akatoboa lango la kanisa, na buti,
na ncha ya kidole cha mguu.

Daktari Chepkwony alilisoma daftari
ukurasa kwa ukurasa, hakucheka.
Akammulika kinywani: "Kilimi kiko wapi?"
Olweny akainamisha macho kama mtu anayedaiwa.
Wembe wa bibi mmoja wa Nyakach ulipita hapo
miaka arobaini na moja iliyopita,
ukaacha kovu, koo likaziba vilevile.

Tulianza na mashine ya kuazima. Barakoa, bomba, upepo.
Alifanana na rubani.
Akavumilia wiki tatu, kisha Alhamisi ikaja
na giza lake.

Ndipo tukaelezwa visu.
Pua hunyooshwa, ila yake haikuwa na kosa.
Mafindofindo hutolewa; yake ni punje mbili za mtama.
Kaakaa laini hupunguzwa,
lakini huko wembe ulishatangulia.
Kipo kidude cha kifuani cha kuushtua ulimi:
bei ilitajwa kwa sauti ya chini,
tukaitikia kwa sauti ya chini zaidi.
Na tundu la shingoni, alisema, tusilizungumze leo.

Wakamlaza kwa dawa, wakapitisha kamera puani
kumtazama akiziba.
Ulimi ulianguka nyuma
kama ng'ombe aliyelala mlangoni.

"Ng'ombe hatumkati," daktari akasema.
"Tutausogeza mlango."
Taya la juu na la chini, yakatwe,
yaletwe mbele milimita kumi.

Hapo fundi akaamka ndani ya mgonjwa.
"Mnachomelea?"
"Mfupa hauchomelewi. Tunafunga bamba na skrubu,
kisha unajiunga wenyewe."
"Bamba unene gani?"
"Milimita moja."
"Titani?"
"Titani."
Akatikisa kichwa polepole,
akatia sahihi.

Tuliuza friji ya samaki, kisha pikipiki.
Saa sita alikuwa ndani. Wiki sita, uji kwa mrija,
na harufu ya omena wa jirani
ikimtoa machozi mtu mzima.
Mdomo wa chini bado una ganzi;
supu humchirizika kidevuni, hajui,
mpaka nimfute.

Uso uliorudi si ule nilioupeleka.
Kidevu kimetangulia.
Akeyo akasema, baba amekuwa babu wa kwenye picha.
Usiku ule nililala ukingoni mwa kitanda
kama mgeni: sura siijui,
na mabati yangu hayapo.
Nikahesabu kwa mazoea. Moja, mbili, tatu,
akavuta. Moja, mbili, tatu,
akavuta.
Sikufika tano hadi kulipokucha.

Nimeolewa mara mbili, nawaambia wenzangu sokoni,
na mahari ya pili nimelipa mimi,
risiti ninazo.

Juzi Akeyo amemaliza kurasa za mbele,
kugawanya kwa tarakimu mbili.
Akaligeuza daftari, akasoma, akakunja uso:
"Mama, hizi hesabu zako
mbona hazina majibu?"